Kaimu na Birika la Mkutano

Cheo cha kukaimu ni kama nguo ya kuazima: ukiivaa siku moja watu wanasema umependeza, ukiivaa mwaka mzima wanaanza kuuliza ya kwako iko wapi. Kaimu wetu aliivaa mpaka ikamshika mwili. Amidi wa kitivo cha insia alikwenda nje kutibiwa moyo, akaahidi kurudi muhula unaofuata. Makamu mkuu wa chuo akamwita mhadhiri wa fasihi simulizi, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, akamwambia, "Shikilia kidogo." Kidogo hicho kikaota mizizi. Muhula ukaja, mwingine ukaja, amidi akapona na kustaafia hukohuko, na yule mama akaendelea kushikilia. Katika kushikilia, jina lake likadondoka njiani wala hakuna aliyeliokota. Wanafunzi walimwita Mama Kaimu. Walinzi wa getini walimwita Kaimu. Hata mama yake mzazi, aliyeishi naye na ambaye hakuwahi kutia mguu chuoni, alikuwa akiita kutoka chumbani, "Kaimu! Dawa yangu ya macho umeiweka wapi?"

Insia, kwa asiyejua, ni lugha, historia, falsafa, muziki na ndugu zao wengine wasio na maabara. Katika vyuo vingi jengo lao utalikuta mwisho wa barabara ya ndani, ukishapita zahanati, karibu na pale yanapoegeshwa magari mabovu. Humo wamo watu wanaoweza kubishana kwa lugha saba na wasioweza kubadilisha balbu moja. Kaimu alibadilisha balbu. Alitafuta kalamu za ubaoni zilipokwisha. Alimsikiliza mhadhiri aliyeachwa na mkewe, akamsikiliza na mke mwenyewe alipokuja kudai haki yake ya kusikilizwa. Mtu akichelewa kupanga mitihani, aliipanga yeye. Mtu akinuna, alimfuata. Ofisi yake haikuwa na foleni, ilikuwa na mkondo, watu wakiingia na kutoka kama maji ya bomba lililosahauliwa wazi.

Hatimaye chuo kiliamua kuwa kushikilia kumetosha. Kitivo kikaambiwa kichague amidi wake, na yeyote kitakayemchagua, makamu mkuu atamteua. Na hapo tuseme wazi jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisema wazi ila kwa mumewe: alikitaka kile cheo. Alikitaka kama mtu aliyelea mtoto wa watu anavyotaka siku moja aitwe mama pasipo kuongezwa neno "mlezi". Hakuwahi kutaka kitu waziwazi maishani mwake, na kutaka huko kulimfanya aone haya, akawa anapita koridoni akiangalia viatu vyake.

Aliyegombea naye alikuwa rafiki yake. Kabla ya ukaimu walitumia ofisi moja kwa miaka, meza zikitazamana, wakigawana tundu la umeme na malalamiko. Alikuwa mwalimu wa falsafa, na wanafunzi walimwita Daktari Lakini, kwa sababu hakuna sentensi ya mtu aliyoiacha ipite bila kuisimamisha njiani na kuikagua. Alipokubali kugombea, alikuja kumwambia mwenyewe, uso kwa uso.

"Dada, nimekubali ili pawe na ushindani tu. Uchaguzi wa mtu mmoja si uchaguzi, ni tangazo."

"Na ukishinda, kaka?"

"Sitashinda. Nani atamchagua mtu asiyejua hata kuchapisha ratiba?"

Kitivo kile kilikuwa na ada yake ya kuchagua, na bila kuijua hutaelewa kilichotokea. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na zamani wagombea walivuta hata ngozi ikapasuka. Inasimuliwa kwamba mmoja alijisifu tangu asubuhi mpaka watu wakakosa chakula cha mchana, na mwenzake akamjibu kwa matusi ya Kilatini, ambayo kwa bahati mbaya nusu ya kikao iliyaelewa. Tangu hapo likakatwa shauri kuwa hakuna kujisemea. Kila mgombea anasimama kumsemea mpinzani wake, na anayesemewa anafunga mdomo. Wakabaki na suala la muda. Saa hawakuaminiana, kila mmoja akishikilia ya mkononi mwake. Basi wakachagua birika la umeme la chumba cha mkutano. Linajazwa maji baridi mpaka juu, swichi inabonyezwa, msemaji anaanza. Likichemka na kujizima, anakoma hapohapo, hata kama neno liko nusu mdomoni. Mgeni akiona hucheka. Wenyewe hawacheki.

Siku ya mkutano, Kaimu alisema wa kwanza. Alimsemea Daktari Lakini kwa moyo mweupe. Alieleza jinsi alivyomtetea binti mmoja aliyesingiziwa kunakili insha, akakaa naye jioni baada ya jioni mpaka binti akaweza kuieleza kazi yake mbele ya jopo bila kutetemeka. "Huyu," akasema, "hawezi kudanganya hata kwa adabu. Ukimuuliza kama nguo imekupendeza, afadhali uwe umejiandaa." Watu wakacheka, birika likajizima, naye akawa amefika mwisho kwa wakati wake, kama mtu aliyezoea kumalizia kazi ndani ya nafasi aliyopewa.

Hapo ndipo profesa wa historia alipopaliwa, akakohoa mpaka machozi. Kaimu akainuka. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Akamimina maji ya moto, akatia majani ya chai, akampelekea. Mwalimu wa muziki akasogeza kikombe chake. "Na mimi, mama, koo langu ndilo kazi." Kikafuata kingine, na kingine. Sahani ya biskuti ikazunguka, soga zikaanza, mtu akasimulia habari za mjukuu wake. Mwenyekiti wa kikao, mkongwe wa isimu aliyependa mambo yaishe, akapiga meza. "Tuendelee, ndugu zangu, watu wana vipindi!" Kaimu akalirudisha birika mahali pake, akaenda kuketi mwisho wa meza, panapokaa anayesemewa. Jagi la maji baridi ya kulijazia likabaki dirishani, limejaa. Mwenyekiti akabonyeza swichi.

Daktari Lakini akasimama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Ndugu zangu, dada yangu nitamsemea kwa heshima anayostahili. Yaani, nitaanza na yote yanayoweza kusemwa dhidi yake. Hoja isiyopigwa haijulikani kama ina mifupa."

Wanaomfahamu wakatabasamu. Ndivyo alivyofundisha siku zote: analijenga pingamizi kwanza, analinenepesha, analivika koti, halafu ndipo analiangusha chini. Wanafunzi walisema wakitaka kujua analoamini inabidi wahudhurie hadi dakika ya mwisho, na mara nyingine dakika hiyo haifiki.

"Pingamizi la kwanza. Kaimu hajawahi kumkatalia mtu. Mwalimu wa muziki alitaka ukumbi mkubwa Jumatatu asubuhi, akapewa. Profesa wa historia alitaka ukumbi huohuo, asubuhi hiyohiyo, akapewa. Wote mlitoka kwake mnatabasamu. Mkakutana mlangoni."

Kicheko kikapasuka. Profesa wa historia akasema kwa sauti, "Nikafundisha vita huku kwaya inaimba amani!"

"La pili. Kazi zetu anazifanya yeye. Mimi mwenyewe hapa sijui mitihani inapangwaje, kwa sababu sijawahi kuachwa niipange. Kitivo kimekuwa mtoto mkubwa anayebebwa mgongoni na miguu anayo."

Wakati huu hawakucheka sana. Na katika ule utulivu, Kaimu akasikia birika linaimba.

Lilikuwa limeanza mapema mno. Akaligeukia, akaona mvuke mwembamba ukitoka mdomoni, na papo hapo akakumbuka: ndani mlibaki robo ya maji, tena yaliyokwisha kuchemka. Akatazama jagi dirishani. Akamtazama rafiki yake, ambaye alikuwa amenyoosha kidole cha tatu, ametulia kama mtu mwenye mchana mzima mbele yake. Ada ilimfunga mdomo. Akakunja mikono mapajani ikabanana.

"La tatu, na ndilo zito. Hatujui anaamini nini. Chuo kilipotupunguzia chumba kimoja cha muziki, alikuwa kwenye kikao cha wakubwa. Alisema nini huko? Alipinga? Alikubali? Mimi ni rafiki yake na sijui. Mtu anayesikiliza kila neno la wenzake huenda hana neno lake mwenyewe. Basi hayo ndiyo mapingamizi matatu, ndugu zangu, na sasa nitayavunja moja baada ya jingine, tena kwa..."

Tak! Birika likajizima.

Daktari Lakini aliliangalia birika kama mtu aliyeumwa na paka wake mwenyewe.

"Naomba nimalizie."

"Birika limejizima," mwenyekiti akasema.

"Lakini..."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Yeye peke yake hakuona cha kuchekesha. Kaimu akasimama. "Mwenyekiti, maji hayakuwa baridi. Hayakujazwa. Hakupata muda wake."

"Nani aliyelishika birika mara ya mwisho?"

"Mimi."

"Jamani!" mtu akasema kutoka nyuma. "Hata birika analikaimu!"

Mwenyekiti akasubiri kicheko kipungue. "Mama, nasikitika. Ada inasema birika likijizima msemaji anakoma. Haisemi maji yalikuwa ya namna gani." Kisha akagawa vikaratasi vya kura.

Daktari Lakini alishinda kwa kura chache, na kura chache ni kura. Aliposomewa matokeo alishika kichwa kwa mikono miwili. Watu wakampigia makofi, kisha, kwa kuwa walikuwa watu wema, wakampigia na Kaimu, kwa muda mrefu zaidi. Makofi yale ya pili ndiyo yaliyomuuma.

Nyumbani alimkuta mumewe sakafuni sebuleni, amezungukwa na matumbo ya feni. Mumewe alikuwa fundi wa friji na vitu vyote vinavyopoza, na watu walizoea kusema ndoa yao ilidumu kwa sababu hiyo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuiachia bisibisi.

"Niambie kweli," Kaimu akasema. "Ni kweli kwamba sijui kukataa?"

Mumewe akatazama feni. "Mke wangu, swali hilo lina waya ulio wazi. Siligusi."

"Mimi naligusa," sauti ya mama yake ikatoka kwenye kochi, ambako walidhani amesinzia. "Kwa umri huu umeme utanifanya nini? Sikiliza, mwanangu. Dada zako walipokuwa wakigombana, wewe ulikuwa unakimbilia kuosha vyombo. Ulidhani vyombo vikiwa safi watanyamaza. Vyombo vikang'aa, na ugomvi ukabaki palepale ulipokuwa. Mpaka leo hawasemezani, na sahani zangu hazijawahi kuwa safi tena kama siku zile."

"Kwa hiyo wamefanya vizuri kutonichagua?"

"Mie sijasema hivyo. Mie nimesema habari za vyombo."

Mumewe akacheka, akajikuta anatazamwa na wanawake wawili, akarudi kwenye feni yake.

Jioni hiyo Kaimu aliketi barazani, akili yake ikizunguka jambo moja. Ingekuwa rahisi kulilaumu birika. Ingekuwa rahisi zaidi kumlaumu rafiki. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na methali hiyo hutamkwa daima na mtu anayemtazama mwenzake. Yeye aliirudia kwa sauti ndogo, akashangaa kuona kuwa nguo alizokuwa akizitazama ni zake. Zile hoja mbili za kwanza alizifahamu alipozisikia, kama mtu anavyoifahamu picha yake aliyopigwa kwa nyuma. Ya tatu ndiyo iliyomwasha. Hiyo haikuwa kweli. Na waliokuwamo chumbani wangejuaje kuwa si kweli?

Asubuhi alimkuta Daktari Lakini kwenye mlango wa ofisi ya amidi, shati la jana, macho mekundu.

"Dada, nimekuja kumalizia."

"Ingia. Chai hapa hakuna."

Akaingia, akakataa kuketi. Akanyoosha kidole. "La kwanza. Hukatai watu kwa sababu unaamini kuwa watu wazima wakikutana mlangoni watapatana wenyewe."

"Hapana. Niliogopa kelele."

Akakwama, akanyoosha kidole cha pili. "Basi la pili. Unabeba kazi zetu ili tupate nafasi ya kufikiri, na kufikiri ndiyo..."

"Kaka, wewe ulitumia nafasi hiyo kulala mchana. Nilikuwa nakusikia ukikoroma kupitia ukuta."

"Unazivunja hoja za kukutetea!"

"Ndiyo hizi? Hii ndiyo nusu iliyobaki?" Alimwangalia kwa muda. "Mbona ndogo hivi?"

Daktari Lakini akakaa sasa, polepole, kama aliyepewa habari mbaya na daktari wa hospitali. Na kwa kuwa hakuweza kudanganya hata kwa adabu, akasema, "Ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Nilijua mapingamizi yana nguvu. Nilitumaini nitakapofika kwenye majibu nitakuwa nimeyapata."

"Ungepewa birika zima?"

"Hata ningepewa pipa, dada. La tatu sina jibu lake mpaka sasa."

Kaimu alikwenda dirishani. Nje wanafunzi walikuwa wakipita na vitabu vifuani, na kutoka chumba cha muziki, kile kilichobaki, mtu alikuwa akirudia noti moja mpaka ikae sawa.

"La tatu lina jibu," akasema. "Makamu mkuu hakutaka chumba. Alitaka kuifunga idara ya muziki, na walimu wake wagawanywe kwingine kama samani. Nilimwambia akiifunga atafute na mtu mwingine wa kushikilia, na siku hiyo sikutoka ofisini kwake mpaka aliporudi nyuma. Akachukua chumba kimoja, akanyamaza."

"Ulimwambia hivyo? Wewe?"

"Kwa sauti hii hii."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngefanya vikao. Mngegawanyika. Nikaona heri mjue habari ya chumba tu." Akageuka. "Nikawamiminia chai."

Daktari Lakini alikisogeza kiti chake karibu na dirisha. "Ungesema hayo mwaka jana, jana wangekuchagua hata kama ningekutukana."

"Najua. Ndiyo maana silaumu birika."

Rafiki yake akainuka ghafla. "Najitoa. Leo hii. Namwendea makamu mkuu, namweleza kila kitu, anakuteua wewe kabla ya saa sita."

Tusimpambe Kaimu kuliko alivyokuwa. Alitamani kukubali. Cheo kilikuwa pale, karibu kama kikombe mezani, na ili akipate alihitaji tu kukaa bila kufanya lolote, jambo ambalo angalau mara hii lingekuwa jepesi. Alimfikiria mama yake akimwita kutoka chumbani kwa jina la Amidi, pasipo neno Kaimu mbele yake. Alifikiria jinsi watu wangempongeza kwa upole, vichwa vimeinama upande, kama kwenye makofi yale ya jana.

"Usijitoe," akasema.

"Lakini..."

"Ukijitoa watanipa kwa kunionea haya. Nitakaa juu ya haya yao mpaka nistaafu. Wamekuchagua, fanya kazi. Mitihani iko karibu na hujui inapangwaje. Utajifunza."

"Basi uwe naibu wangu. Tutasaidiana, dada. Wewe utashika mambo ya ratiba na mimi..."

"Hapana, kaka. Naitaka meza yangu ya zamani na darasa langu la mwaka wa kwanza. Na kwenye kikao kijacho utakuta nina hoja: hii ada ifutwe. Mgombea asimame, ajisemee mwenyewe, aseme anaamini nini na amefanya nini, watu wamuulize. Nikitaka tena kuwa amidi, nitakitaka cheo kwa mdomo wangu."

Amidi mpya akavua miwani, akaanza kuifuta. Kaimu alimfahamu vya kutosha kujua kinachokuja.

"Kuna mapingamizi matatu kwa hoja hiyo," amidi akasema.

"Yaandae. Nitayajibu kikaoni."

Kabla ya hapo palikuwa na kazi ya mikono. Meza ya zamani ya Kaimu ilikuwa imefunikwa na vitabu vya falsafa tangu alipoiacha, vikapanda mpaka dirishani vikala hata mwanga. Asubuhi ile walivihamishia wenyewe ofisi ya amidi, safari baada ya safari, yeye akitangulia na rundo lililomfika kidevuni, amidi akifuata na kudondosha. Katikati ya korido wakakutana na profesa wa historia, aliyesimama akawatazama mmoja baada ya mwingine, hajui nani amwamkie kwa cheo gani. Akachagua mazoea.

"Mama, afadhali nimekuona. Ule ukumbi wa Jumatatu..."

"Ukumbi ni wa muziki," Kaimu akasema. "Walitangulia kuuomba. Nilipokupa na wewe nilikosea, na nilijua nakosea. Darasa lako litafute chumba kingine."

Profesa akamgeukia amidi kutafuta msaada. Amidi alikuwa chini sakafuni akikusanya vitabu vilivyomponyoka.

"Lakini mama, darasa langu ni kubwa!"

"Ni kubwa kweli," akasema, akaendelea na njia yake, maana mikono ilikuwa imeanza kumuuma na mzigo bado ulikuwa mwingi.